Kalangalala: Nilifuata dhahabu, nikakuta kuku wa mkaa

Wiki hii funga mkoba. Kila siku Bagamoyo, kila siku Kigamboni, mpaka samaki wa kule wametuzoea majina. Leo tunatimkia Kanda ya Ziwa, Geita mjini, kwenye kata inayoitwa Kalangalala. Vaa nguo ya rangi ya kahawia, maana hata ukivaa nyeupe utarudi nayo hivyo hivyo.

Nilipanda basi Nyegezi, Mwanza, saa moja asubuhi. Wale waliokwenda Geita enzi za kivuko wanakumbuka adha yake: mnafika Kigongo, mnateremka, mnapanga foleni, unanunua samaki wa kukaanga ambaye hukumpanga kwenye bajeti, halafu mnasubiri. Siku mbaya unasubiri mpaka samaki amesahaulika tumboni. Hadithi hiyo ilikwisha Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Kilometa 3 juu ya maji, unapita kwa dakika chache. Abiria wa pembeni yangu, mzee wa makamo, alivua kofia lilipoanza na kuivaa lilipokwisha. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kijana, mimi nimelala hapa siku nyingi."

Baada ya Sengerema udongo unaanza kubadilika rangi, na mazungumzo ndani ya basi nayo yanabadilika. Watu wanaacha kuzungumzia mahindi, wanaanza karasha na maduara. Ujue umeingia Geita. Mgodi mkubwa hapa ulianza miaka ya 1930 wakati wa Mwingereza, ukafungwa 1966, ukazaliwa upya mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ikatoka kuwa wilaya ya Mwanza ikawa mkoa kamili. Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu, yule mwenye punje zake akauze mchana kweupe. Ni mji ambao kila mtu anatafuta kitu chini ya ardhi. Hata mhudumu wa gesti atakuambia ana hisa kwenye duara fulani.

Kalangalala ndiyo kati kati ya yote hayo. Kuna uwanja wa mpira ambao ukisikia mkutano mkubwa Geita, uliza kama si hapo. Kuna bodaboda wanaokatiza kama inzi, mabanda ya chipsi, na mabango. Mtumeee, mabango! Sisemi yale makubwa ya kuchapishwa. Nasema yale ya kuchorwa kwa mkono: kinyozi amechorewa kichwa chenye njia pembeni, fundi viatu kiatu kikubwa kuliko mlango wake, mama ntilie sato anayetabasamu kwenye sahani kana kwamba hajui yaliyompata.

Mimi lakini sikufuata mabango, wala dhahabu. Nilimfuata shangazi yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko mnakula nini?"

Kabla sijajibu nikawekewa michembe na chai. Kwa usiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Wasukuma wamelea watoto kwa hiyo. Wakati natafuna, akatoka ndani binamu yangu. Jina lake naliweka kapuni, maana hakuniomba nimwandike gazetini. Ana miaka 31, mrefu kuliko mimi, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa mkaa mpaka kwenye viwiko.

Sasa hapa msomaji tulia kidogo.

Binamu ana ulemavu wa akili. Tulipokuwa wadogo mtaani walimwita majina ambayo leo hata kuyaandika naona aibu, na unayajua, maana huenda nawe umeshamwita mtu hivyo. Wengine walisema amerogwa. Wengine walimchanganya na kichaa. Si kitu kimoja. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote, hata profesa, na hospitali ukatibiwa. Binamu haumwi. Alizaliwa hivyo: anajifunza polepole, maneno kwake ni machache, kusoma hawezi, hesabu ya chenji inamshinda. Anachokiweza anakiweza. Kila jioni kazi yake ni kufungia kuku wa shangazi, na hata siku moja hakuwahi kukosea idadi, ingawa kuhesabu hajui. Anawajua kwa sura.

Na anachora. Tangu mdogo. Anachora kuku.

Ngoja nikiri jambo moja ndipo tuendelee. Mwaka 2003 nilikuja kwa shangazi likizo. Walikuwa wamepanga vyumba viwili, na binamu alijaza ukuta wa nje kuku wa mkaa, labda arobaini. Mwenye nyumba akasema ukuta usafishwe au wahame. Mimi ndiye niliyepewa brashi na sabuni ya unga. Nilisugua asubuhi nzima. Binamu alikaa chini, akawa anatoa sauti moja tu, ile ya kuita kuku wakati wa kula. Nilikuwa mtoto, nilitumwa, yote kweli. Lakini nakumbuka nilisugua kwa bidii kuliko nilivyotumwa, maana watoto wenzangu walikuwa wananitazama na mimi sikutaka waone kwamba yule ni ndugu yangu.

Basi. Tuendelee.

KUKU ALIYEMWOKOA

Mwaka 2023 binamu alipotea. Alitoka kumfuata jogoo aliyekimbia, akapita kona asiyoijua, akaendelea tu. Shangazi na majirani walimtafuta usiku kucha kwa tochi za simu. Alfajiri alikuwa Nyankumbu, amelala kwenye kibaraza cha duka. Mwenye duka kuamka, anakuta jitu zima mlangoni halisemi linatoka wapi. Ikapigwa yowe. Unajua yowe la mwizi mjini linavyokuwa. Watu walifika na vilivyofikika mkononi.

Binamu hakukimbia. Aliokota kipande cha mkaa pale pale kwenye jiko la chapati, akainama, akaanza kuchora kwenye sakafu. Kuku. Mkia wa mikunjo mitatu, jicho kubwa, mguu mmoja juu. Mama mmoja muuza uji akasukuma watu akaja kuangalia. Akasema, "Mwacheni! Huyu kuku namjua. Yuko kwenye banda la kuni Kalangalala." Dakika ishirini baadaye shangazi alipigiwa simu.

Shangazi aliniambia hivi wakati tunakunywa chai: "Mwanangu, miaka yote nilimkataza kuchafua kuta za watu. Kumbe alikuwa anaandika anwani."

Kuanzia hapo akaanza kuzunguka kwa majirani, nyumba kwa nyumba, kuomba ukuta. Hakuomba hela, wala kuhurumiwa. Alisema: nipe kipande cha ukuta wako, mwanangu achore kuku, ili akimwona ajue hapa ni nyumbani bado. Na wewe ukimwona anapita kuku wa mwisho, mgeuze.

Wengi walikubali. Mmoja alisema atafikiria na mpaka leo anafikiria.

TUKAINGIA NJIANI

Asubuhi ya pili binamu alinitembeza. Neno la kutembezwa si utani. Aliniongoza yeye, mimi nikawa nyuma. Njia yenyewe haifiki hata kilometa mbili: kutoka kwa shangazi mpaka gengeni, kutoka gengeni mpaka mashine ya kusaga, halafu inazunguka kurudi. Nilihesabu michoro 19.

Wa kwanza yuko kwenye geti la bati la shangazi mwenyewe, mkubwa kama mbuzi. Wa pili kwa kinyozi, huyu ana mkasi mdomoni. Kwa fundi baiskeli kuku amepanda baiskeli isiyo na minyororo, na fundi anasema wateja wanaingia kuuliza kama naye anatengenezewa. Kwa mama ntilie kuku amesimama mbali kabisa na sufuria. Nilicheka, nikamtazama binamu. Hakucheka. Nadhani kwake hilo si jambo la mzaha, ni tahadhari.

Kufika mchoro wa nane nikaona mkono tofauti. Ukuta wa tofali za kuchoma umejaa nukta, mamia kwa mamia, nyeupe na bluu, zimebanana kama dagaa juu ya mkeka. Hizo ni za binti wa mtaa wa pili, aliyezaliwa na hali inayoitwa Down. Mama yake alimwona binamu anachora, akaja na binti yake akauliza, "Na huyu je?" Binti hatumii brashi. Anatumia ncha ya kidole kimoja, nukta moja, anafuta kidole, nukta nyingine. Ukuta ule ulimchukua wiki tatu na hakuna aliyemharakisha. Mbele tena kuna kazi ya kijana mwenye usonji, ambaye kwa siku nzima anaweza asiseme neno. Yeye anachora magurudumu ya mabasi tu, yamepangwa mstari mmoja, kila moja na idadi sahihi ya nati. Makondakta walihesabu. Ni sahihi.

Mwanzo walitumia mkaa, mvua ikawa inakula. Fundi rangi mmoja wa mtaani akaanza kuwaletea mabaki ya makopo kutoka kazini kwake. Usidharau mabaki: hata Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972 na jina lake kubaki kwenye michoro inayouzwa dunia nzima, alianza Dar es Salaam na rangi za baiskeli.

"Mwangaluka!" akina mama walitusalimu njia nzima, na wote walimsalimia binamu kwanza. Zamani tukipita naye walikuwa wananisalimia mimi, wakimruka yeye kama mti.

PENGO LA KUMI NA MBILI

Sasa usije ukadhani mambo yote ni asali. Mwezi mmoja kabla sijafika, kampuni ya simu ilipita mtaani kupaka maduka rangi zake, bure. Ofa hiyo hakuna muuza duka anayeikataa. Kona ya kibanda cha wakala wa pesa, alipokuwa kuku wa kumi na mbili, ikawa rangi moja kuanzia juu mpaka chini. Binamu alifika pale akitoka gengeni na mfuko wa nyanya. Akasimama. Shangazi alimkuta amesimama hivyo hivyo, jua kali, nyanya zimeanza kuchuruzika.

Shangazi alimfuata wakala. Wakala naye ni mtu mwema, akasema, "Mama, ukuta umeshauzwa, mimi ni mpangaji tu." Walibishana wee, mwisho wakafikia muafaka: futi mbili za chini, karibu na msingi, ambako bango halifiki. Sasa pale kuna kuku mdogo, amebanwa chini ya tangazo. Binamu akifika huchuchumaa, anamgusa kwa kidole, ndipo anaendelea.

Mimi nilisimama pale muda mrefu. Kila kijana wa mjini anayesoma hapa anapenda mtaa "uliopendezeshwa". Mimi pia. Lakini rangi mpya inayotupendeza wewe na mimi inaweza kumfutia mwingine njia ya kurudi kwao, na hatajua hata pa kulalamika.

SI MAMBO YA KWETU PEKEE

Usidhani hii ni ajabu ya Geita. Desemba 2025 huko Uingereza tuzo kubwa ya sanaa, Turner Prize, pauni 25,000, ilichukuliwa na Nnena Kalu, mwanamke aliyezaliwa Glasgow mwaka 1966 kwa wazazi Wanaijeria. Ana ulemavu wa aina hii na usonji, na maneno yake ni machache. Ndiye wa kwanza mwenye hali hiyo kuipata tuzo. Anachofanya ni kuzungushia na kufunga: vitambaa, nailoni, hata utepe wa kaseti za video zile tulizokuwa tunakodi, mpaka vinakuwa mabunda makubwa yananing'inia. Tangu 1999 anafanya kazi na kikundi cha London kiitwacho ActionSpace. Hesabu mwenyewe: miaka 26 ya mtu kupewa nafasi, vifaa na muda, ndipo likaja kombe.

Marekani alikuwapo Judith Scott, aliyefariki 2005. Alikuwa na Down na alikuwa kiziwi. Alifungiwa kwenye taasisi zaidi ya miaka 30, mpaka pacha wake alipokwenda kumtoa, akampeleka kwenye karakana ya sanaa huko Oakland. Kazi zake za nyuzi leo ziko kwenye makumbusho makubwa. Nilipoisoma habari ya yule pacha, nilikumbuka brashi yangu ya 2003.

Na hapa kwetu? Iringa mwaka 2003 Neema Crafts ilianza na vijana viziwi watatu waliotengeneza karatasi kutokana na mavi ya tembo. Tumeanza kuzoea kumwona mlemavu wa viungo au kiziwi kazini. Huyu wa akili bado tunamfungia chumba cha nyuma wageni wakija.

Kuchora ukutani nako si mambo ya kizungu. Usukumani wacheza nyoka, Bayeye, walikuwa na nyumba zao zilizochorwa kuta nzima ndani, wakifundishia wanachama. Hans Cory alizitolea kitabu mwaka 1953. Ukitaka kuonja mambo ya Wasukuma, ukirudi Mwanza pitia Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa. Tofauti ni kwamba Bayeye waliwachorea wachache walioapishwa, na hawa watatu wa Kalangalala wanamchorea kila apitaye.

Kisheria nao wana haki. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake 2010. Kifungu cha 30 cha mkataba kinasema wapewe nafasi ya kukuza vipaji vyao, si kwa faida yao peke yao, bali kwa utajiri wa jamii nzima. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao kwa mikopo isiyo na riba, ambayo 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Nikamtajia shangazi. Akanitazama. "Mkopo unarudishwa, mwanangu. Na kuku wa ukutani hatagi."

Anachotaka yeye ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: makopo ya rangi yasiyokatika, na neno la mtu mwenye mamlaka kwamba kabla ukuta haujapakwa, mtu aje kuuliza. Basi. Sikuwa na jibu. Nimeliandika hapa, labda wewe unayesoma una mjomba kwenye halmashauri.

UKIENDA

Ukifika Kalangalala usiulize "njia ya sanaa", hakuna atakayekuelewa. Uliza kwa kuku. Nenda asubuhi kabla jua halijapanda, nunua kitu gengeni, na usimshike binamu mkono kumvusha barabara, anavuka vizuri kuliko wewe. Kubwa zaidi, usimpige picha. Mimi nilitoa simu kwenye mchoro wa tatu, akageuka akatazama ukutani mpaka nilipoirudisha mfukoni. Ndiyo maana makala hii haina picha yake, mhariri anisamehe.

Siku ya kuondoka walikuwa wanaanza mchoro wa ishirini, kwenye ukuta wa choo cha mashine ya kusaga. Binamu akanipa mkaa. Nilishangaa, shangazi naye alishangaa, hampi mtu. Nikachora kuku wangu kwa makini yote niliyonayo: mkia, jicho, mguu mmoja juu.

Binamu akamtazama. Akamzunguka upande huu, upande ule. Kisha akachovya kitambaa kwenye ndoo, akamfuta, taratibu, mpaka ukuta ukawa msafi. Halafu akachora wa kwake.

Tuko sare sasa. Nilipanda basi la saa nane nikiwa na mkaa kwenye vidole, sikunawa mpaka Busisi. Tukutane wiki ijayo.